TANGAZO LINAISHA SAA NANE USIKU. DADA WA KARATU ANARUDI NYUMBANI NA NANI?

Leo nataka tuongelee kitu ambacho tunakiona kila siku kwenye TV, kwenye mabango na kwenye simu zetu ila hatukai chini kukijadili: mwanamke akiwa peke yake usiku. Kwenye matangazo anaonyeshwaje? Na huku kwetu Karatu na Ngorongoro hali halisi ikoje? Nitaeleza taratibu, mwenye kubisha abishe kwa hoja sio kwa matusi.

Tuanzie mbali kidogo halafu turudi nyumbani.

TANGAZO LA MKIMBIAJI

Mwaka 2022, mwezi wa nne, kampuni ya Samsung ilitoa tangazo lililozua kelele sana Uingereza. Ndani yake kuna binti anaamka saa nane usiku (nane ya kwetu, sio mbili asubuhi), anavaa saa yake ya kisasa, anachomeka spika ndogo masikioni, anatoka kwenda kukimbia. Peke yake. Anapita mitaa mitupu, vichochoro, daraja, huku anatabasamu. Ujumbe wake ni kwamba ukiwa na vifaa vyao unaishi kwa ratiba yako mwenyewe, usiku ni wako.

Wanawake wengi waliangalia wakasema: hili limeandikwa na nani? Kuna binti gani anakimbia saa nane usiku kichochoroni, masikio yote mawili yamezibwa na muziki, hasikii hata anayemfuata?

Kilichoongeza hasira ni wakati lilipotoka. Januari 12 mwaka huohuo, mwalimu wa shule ya msingi wa miaka 23 anaitwa Ashling Murphy aliuawa Tullamore, Ireland, akiwa anafanya mazoezi kando ya mfereji. Tena haikuwa usiku, ilikuwa saa kumi jioni, mchana kweupe. Mwaka mmoja kabla, Machi 2021, Sarah Everard alitekwa London akitembea kwa miguu kurudi kwake, na aliyemteka na kumuua alikuwa askari polisi. Baada ya kifo hicho ndo likaanzishwa kundi la Reclaim These Streets, na kundi hilo lilikuwa miongoni mwa waliolipinga tangazo la Samsung. Mwishowe kampuni ikaomba radhi, ikasema haikukusudia kudharau mjadala wa usalama wa wanawake, ilitaka kuonyesha uhuru wa mtu kufanya mazoezi saa yoyote.

Sasa hapa tuelewane. Wale wanawake hawakusema binti asikimbie usiku. Walichokataa ni tangazo kuuza uhuru kana kwamba tayari upo, wakati wao wanajua haupo. Ni sawa na kumuuzia mtu tiketi ya basi ambalo halijanunuliwa.

HAPA KWETU WATU WANAKIMBIA KWELI

Mtu atasema hayo ya Wazungu yanatuhusu nini. Yanatuhusu, tena Karatu kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Huu ni mji wa riadha. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ni mzaliwa wa hapa. Tamasha la michezo la Karatu, ambalo limekuwa likifanyika mwezi wa 12, linatokana na taasisi yake. Watoto wa hapa wanakua wakijua kwamba miguu inaweza kukupeleka ng'ambo.

Na mabinti wamo. Mwaka 2023 Mtanzania mwenzetu Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin Marathon kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Binti wa Karatu akisikia hivyo naye anataka kufunga kamba za raba. Sasa anakimbia saa ngapi? Mchana kuna shule, kuna shamba, kuna kazi za nyumbani. Inabaki alfajiri. Saa kumi na moja ya mwezi wa sita huku kwetu ni giza totoro, baridi inauma, ukungu umeshuka mpaka huoni mtu aliye hatua kumi mbele. Hapo ndo hadithi ya tangazo inapokutana na barabara ya kweli.

Wengi wanatoka kwa makundi, watatu wanne, na wakipata kaka wa kuwasindikiza wanamshukuru Mungu. Asiye na kundi anasubiri kupambazuke, na kukishapambazuka ameshachelewa shule. Kwa hiyo mwingine anaacha. Hajabakwa, hajapigwa, hajaibiwa. Ameacha tu. Hasara hiyo haiandikwi polisi wala popote, lakini ni kipaji kimepotea.

HATARI IKO WAPI HASA?

Hapa naomba tuwe makini, maana matangazo na maneno ya mitaani yametuzoesha picha moja: giza, kichochoro, mwanaume asiyejulikana. Picha hiyo ni ya kweli ila ni nusu.

Utafiti wa afya na idadi ya watu Tanzania wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walishawahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 17 ukatili wa kingono. Kwa walioolewa, anayetajwa zaidi ni mume au mwenza wao. Utafiti mwingine wa kitaifa uliofanyika 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wapi? Karibu nusu walisema ni kwenye nyumba ya mtu. Karibu robo walisema ni njiani wakitembea kwenda au kurudi shule.

Turudi kwenye riadha hiyohiyo. Agnes Tirop wa Kenya, Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa, nyumbani kwake Iten, na mume wake akashitakiwa. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathon ya Olimpiki Paris 2024. Mwezi uliofuata alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwenza wake wa zamani, nyumbani kwake Trans Nzoia, akafariki Septemba 5. Hawa walikimbia barabarani miaka yote, alfajiri na jioni. Kilichowaua hakikutoka gizani.

Kwa hiyo mtu akikwambia "kaa nyumbani usiku uwe salama" mwulize: nyumba ipi? Ya nani?

Simaanishi barabara ni salama, msinielewe vibaya. Namaanisha hofu ya usiku imefanywa kubwa kiasi kwamba inaficha hatari nyingine, na papo hapo inamfungia mwanamke ndani. Anapoteza mara mbili.

MATANGAZO YANATUONYESHA USIKU WA AINA TATU

Nimekaa nikayapanga matangazo ninayoyaona, nikapata mafungu matatu.

La kwanza ni USIKU USIO NA HATARI. Huyo ni binti wa Samsung. Kwetu utamkuta kwenye matangazo ya simu na ya utalii: dada amekaa peke yake pembeni ya moto, jua limezama, glasi mkononi, nyuma yake pori. Hakuna mlinzi kwenye picha, hakuna taa. Ni picha nzuri sana ila imefuta watu wote wanaofanya usiku ule uwezekane.

La pili ni USIKU WA WANAUME. Hapa ni matangazo ya bia na muziki. Taa za rangi, washkaji wanacheka, mpira kwenye TV. Mwanamke yupo lakini kama pambo au ndo anayeleta chupa mezani, anatabasamu. Tangazo linaisha watu wakiwa wamenyanyua glasi. Halionyeshi saa sita na nusu huyo dada akihesabu viti, akikabidhi hela, halafu akisimama nje kutafuta usafiri wa kurudi kwake, huku mteja aliyemnunulia soda anadhani amenunua na kitu kingine.

La tatu ni USIKU WA HOFU. Haya ni matangazo ya tahadhari, pamoja na zile meseji za kutumiana: usivae hivi, usipite pale, usichelewe. Yanaongea na mwanamke tu. Msikilize anayeonya, utadhani anayebaka ni sketi au ni saa. Mwanaume hayumo kabisa kwenye sentensi.

Ukiyaangalia yote matatu utaona kitu kimoja kinachofanana. Hakuna hata moja linaloonyesha SAFARI. Mwanamke ama ameshafika ama asitoke. Katikati hapo, dakika ishirini za kutoka kazini mpaka mlangoni kwake, hakuna anayezilipia tangazo.

KUNA TANGAZO LILILOJARIBU: FATAKI

Wenye umri wangu na waliotutangulia mnakumbuka Fataki. Kuanzia 2008 redio zilijaa matangazo mafupi ya jamaa mtu mzima, ana hela kidogo, ana gari au anajifanya nalo, anamrubuni mwanafunzi. Kampeni hiyo iliendeshwa na watu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa fedha za Wamarekani kupitia USAID, ikiwa na lengo la kupunguza maambukizi ya Ukimwi kwa mabinti. Kwenye vile vipande mara nyingi anatokea mtu wa karibu, anashtuka, anaingilia kati, na Fataki anaondoka ameumbuka. Neno likahamia mtaani. Mpaka leo ukimuona mzee anahangaika na binti wa sekondari utasikia mtu anasema "huyo fataki huyo."

Kwa nini lilishika? Mi naona sababu ni tatu. Lilimtazama MWANAUME, likampa jina na kumfanya achekwe. Lilimpa kazi mtu wa tatu, yule anayeona na kunyamaza. Na lilikuwa na mazingira ya kwetu, sio daraja la London. Halikumwambia binti abadilishe nguo.

Lilikuwa na udhaifu wake pia. Binti mwenyewe mara nyingi anaokolewa na wengine, hana sauti kubwa. Lakini ukilinganisha na bango la "dada jihadhari", Fataki alitupeleka mbali zaidi.

NGORONGORO WANAJUA JINSI YA KULINDA MTU USIKU

Sasa hoja yangu kubwa ndo hii, naomba msome vizuri.

Panda kutoka Karatu mpaka geti la Loduare, ingia hifadhini. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, likaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Kreta yenyewe ina kama kilomita za mraba 260, na ukingo wake uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku nyati na tembo wanakuja mpaka kwenye kambi na hoteli za ukingoni. Nyati hana utani.

Je, mgeni wa kike aliyekuja peke yake anaambiwa nini? Anaambiwa asije? Anaulizwa kwa nini amevaa kaptula? Hapana. Wameweka UTARATIBU. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni. Magari yote lazima yawe yametoka kreta kabla ya giza. Hotelini, ukitaka kwenda chumbani usiku, askari anakuja na tochi anakusindikiza mpaka mlangoni, uwe mwanaume uwe mwanamke, uwe mzee au kijana. Kila mfanyakazi anajua wajibu wake. Na mgeni akijeruhiwa, swali la kwanza ni mlinzi alikuwa wapi, sio yule mama alikuwa anatafuta nini nje.

Yaani tunaweza. Ujuzi upo kilomita chache kutoka hapa, na unafanya kazi kila usiku wa mwaka.

Sasa shuka na dada anayetandika vitanda au anayepika kwenye hoteli za huku chini Karatu. Mji huu umekua sana tangu lami kutoka Makuyuni ifike getini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hoteli zimejaa, kambi zimejaa, na kazi nyingi zinafanywa na wanawake. Wageni wanakula usiku, kwa hiyo kuna wa kupika usiku na wa kuosha vyombo usiku. Binamu yangu alifanya kazi sehemu moja ambayo sitaitaja. Mgeni akitoka mezani anasindikizwa na tochi hatua hamsini kwenda chumbani. Binamu yangu akimaliza saa tano usiku anatembea karibu nusu saa kwenye vumbi na giza, funguo ameshika mkononi, simu imebaki chaji kidogo kwa ajili ya tochi. Geti moja, usiku mmoja, watu wawili, thamani mbili. Aliacha kazi ndani ya miezi minne, na watu wakasema mabinti wa siku hizi wavivu.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi hatujui haya kwa hiyo nayaweka wazi.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda anakotaka ndani ya nchi. Haijaandika "mpaka saa moja jioni kwa wanawake."

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima anayebaka. Na sio kubaka tu. Hata maneno, sauti na ishara za kumdhalilisha mtu kijinsia ni kosa. Kwa hiyo wale wanaopiga miluzi na kushika mikono dada za watu stendi, mjue sio utani, mnavunja sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na mwajiri anatakiwa aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Ni nyongeza ya hela. Safari ya kurudi nyumbani kifungu hicho hakiigusi. Wenzetu Afrika Kusini, sheria yao ya ajira ya 1997 inataka anayefanya kazi usiku awe na usafiri unaopatikana kati ya kazini na kwake.

Kuna upande mwingine unaouma. Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya uzururaji, na mara kwa mara vinamwangukia mwanamke aliyeonekana nje usiku. Juni 2024 wilayani Ubungo, Dar es Salaam, ulifanyika msako, wanawake wakakamatwa wakituhumiwa kujiuza na kufikishwa mahakamani. Wanasheria na watetezi wa haki walipiga kelele. Sasa dada akisikia hivyo, usiku akifuatwa na mtu atamkimbilia nani? Anamwogopa anayemfuata, na anamwogopa anayepaswa kumwokoa.

TUFANYE NINI?

Sina majibu yote, ila haya yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

1. Wenye hoteli na baa: wapeni wafanyakazi wa usiku usafiri. Hata bodaboda mmoja mnayemwamini, mkamlipa kwa mwezi. Mnayo bajeti ya kumsindikiza mgeni hatua hamsini.

2. Madereva wa bodaboda na bajaji: reflekta zenye namba zinazosomeka, na kiongozi wa kijiwe ajue nani yuko kazini usiku. Dada apande akijua namba, atume namba hiyo kwa mtu wa nyumbani.

3. Viongozi wa mtaa: taa. Kuanzia barabara kuu mpaka sokoni na stendi, na zaidi siku za mnada, watu wanaporudi wamechelewa na wengine wamelewa.

4. Wakimbiaji: kundi la alfajiri lenye saa moja na njia moja inayojulikana. Wazee wa riadha mpo, simamieni.

5. Sisi vijana wa kiume na wa kike: kuwa yule mtu wa tatu wa Fataki. Ukiona mwenzako anamfuata binti, mwite jina lake kwa sauti. Haligharimu kitu.

Na likishatokea la kutokea: usioge, usifue nguo ulizovaa, nenda hospitali na polisi haraka. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Fomu ya PF3 ni BURE, mtu akikudai hela ujue anakuibia. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na kwa mtoto piga 116, hailipiwi.

Mi sipingi tangazo la binti anayekimbia usiku. Nalitaka, ila nalitaka lipigwe picha hapa, kwenye barabara yenye taa, dereva wa bodaboda anamsalimia "shikamoo mwanariadha" kwa utani halafu anaendelea na safari zake. Siku hiyo Samsung au yeyote hatahitaji kuomba radhi, maana atakuwa anauza kitu kilichopo.

Sasa nyie wadau: dada, wewe unarudije nyumbani ukitoka kazini au hapo cafe ikifungwa? Kaka, umeshawahi kumsimamisha mwenzako? Semeni hapo chini, majina ya bandia ruksa. Nawasilisha.